Supachaja ya Mama Kelvin Kwenye Pikapu Yangu

Pikapu yetu inafungwa supachaja! Na anayeifunga si fundi wa Nairobi wala wa Kisumu. Ni Muhonja wangu, huyu niliyemzaa mimi, na anaifungia hapa hapa nyumbani, kando ya banda la kuku.

Sasa ndiyo niwasalimie. Mulembe. Leo ni Jumatano, asubuhi ukungu ulitoka msituni ukakaa mpaka chai ikaisha, na saa hii jua linawaka kama halijui kwamba alasiri mvua itakuja vile inakujanga. Nimeketi mlangoni pa jikoni, maharagwe yako motoni, naandika kwa simu na kidole kimoja. Roho yangu leo imetulia kidogo. Wiki iliyopita haikutulia hata kidogo, na nitawaambia kwa nini, maana shajara ya kudanganya ni afadhali mtu asiandike.

Nilikuwa na wivu.

Si ule wivu wa kutaniana na kucheka. Ule wa kukaa tumboni kama obusuma, ugali wetu huku, ambayo haikuiva.

Kwanza, wale ambao hawajui supachaja ni nini, msione haya, hata mimi sikujua. Injini inapumua kama mtu. Inavuta hewa, inachanganya na petroli, inachoma, gari inaenda. Sasa pikapu yetu imezeeka. Ikibeba ndizi zangu kutoka huku Isecheno kwenda soko la Kakamega, ikifika kile kilima cha baada ya daraja, inahema kama mimi nikipanda na mtungi kichwani. Watu wa miguu wanatupita. Wengine wanasimama kutusalimia, na bado wanatupita. Supachaja ni kitu kama pampu. Inazungushwa na mkanda kutoka kwa injini yenyewe, halafu inaisukumia hewa ndani kwa nguvu, badala ya injini kuivuta polepole. Ni kama kuni mbichi: ukiziacha zinatoa moshi, ukizipuliza zinawaka. Hivyo ndivyo Muhonja alinieleza, na mimi nikashika mara moja, kwa sababu kupuliza kuni nimepuliza tangu nipate akili.

Huyu Muhonja, niwaambie. Alisomea magari kwenye chuo cha ufundi, akamaliza, akafaulu, cheti kiko ukutani sebuleni juu ya kalenda na kila mgeni lazima akione kabla ya kupewa chai. Akisikiliza gari ikipita barabarani anakuambia ni plagi gani inakosa moto. Gari ya mwalimu ilikataa kuwaka siku ya harusi ya binti yake, wanaume wakaisukuma mpaka mashati yakalowa. Muhonja akaja na gauni lake la kusimamia harusi, akainama, akagusa waya mmoja, ikawaka. Mimi nilikuwa pale. Nilipiga vigelegele kuliko vya bibi harusi.

Lakini huko gereji mjini anakofanya kazi, wanampa kuosha plagi na kufungua magurudumu. Mteja akiingia anamwangalia, anamuuliza, "Fundi yuko wapi?" Na fundi ndiye huyo amesimama mbele yake, mafuta mpaka kwenye kiwiko.

Kwa hivyo alikuja na mpango wake. Afunge supachaja kwenye pikapu yetu, kwa mikono yake, kwa vyuma vya kuokota na pesa kidogo, watu waone. Ikikubali, hakuna mtu Kakamega atamuuliza tena fundi yuko wapi. Ikikataa, injini inapasuka, na injini ingine hatuna. Ndizi zangu zitarudi kupanda boda boda, na jina la Muhonja litakuwa la kuchekesha watu gereji.

Mpango huo aliuchora kwa makaa kwenye ukuta wa nje wa jikoni langu, ukuta niliokuwa nimeusiriba juzi kwa udongo mweupe mzuri. Mwingine angemchapa. Mimi niliwaita akina mama wa chama waje waone. Injini iko katikati kama ng'ombe amelala, mikanda inazunguka, mishale ya hewa inaingia. Pale pa kushikilia supachaja ameandika "pleti", na hiyo pleti ataikata kutoka kwa trela ya miwa iliyovunjika ambayo mtu aliiacha shambani ikiota nyasi. Kila kitu alikuwa amekifikiria.

Isipokuwa supachaja yenyewe itoke wapi.

Na hapo ndipo ule wivu wa tumboni ulianza.

Ng'ambo ya ua wetu anaishi Mama Kelvin. Tuliolewa huku mwaka mmoja, tukachota maji njia moja, tunaimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza. Ni rafiki yangu, sitasema vingine. Lakini yeye amekuwa akinitangulia kila mahali. Mabati aliweka kabla yangu. Stima ya taa aliingiza kabla yangu. Hata mvi, zake zilitoka vizuri, zimejipanga mbele kama za mama mchungaji, zangu zimetawanyika kama kuku wameona mwewe.

Halafu Kelvin wake, ambaye yuko Nairobi, akaja Krismasi na gari ya Kijerumani. Ile gari ilikuwa inapiga mluzi. Si honi, mluzi wa ndani, ukikanyaga inalia kama mama anaanza kigelegele akasita. Watoto wote walikimbia ua. Mama Kelvin akaja kwangu na leso mpya, akasimama hapo nilipokaa sasa, akasema, "Unasikia hiyo sauti, Mama Muhonja? Kelvin anasema ni supachaja. Haiwekwangi kwa kila gari."

Sikula vizuri Krismasi hiyo.

Kabla ya mwaka mpya Kelvin akaenda Navakholo kuwaona wakwe, mvua ikamshika kwenye barabara ya murram, gari ikateleza ikaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kabisa kabisa. Gari ndiyo iliumia. Upande mmoja ulikunjamana, chesisi ikapinda, wakaivuta mpaka kwa Mama Kelvin, na hapo ndipo imelala tangu hapo, chini ya turubai, kando ya ghala. Na mnajua nini? Hata ikiwa maiti anaionyesha wageni. Anainua turubai taratibu kama mtu anayefunua uso wa mtoto, anasema, "Mbele hapa haijaguswa."

Ni kweli haijaguswa. Supachaja iko nzima.

Mama Kelvin alipopata habari ya ule mchoro ukutani, hakungoja aulizwe. Alimwita Muhonja uani akamwambia, "Mwanangu, kuja uichukue. Nimeongea na Kelvin, amesema sawa. Ni bure."

Bure!

Angetaja bei mbaya ningepata la kusema kwenye chama. Angekataa ningepata la kusema mwaka mzima. Lakini bure, na "mwanangu" juu yake, mimi nilisema nini? Nilimwambia Muhonja sisi si watu wa kupewa. Nikamwambia mama yako ataitafuta supachaja yake.

Jumamosi nikavaa vizuri nikaenda mjini, kwa wale wanaouza vyuma vya magari yaliyokufa. Sikutaka kumwambia muuzaji kwamba sijui. Mimi ni mama wa fundi, nitaanzaje kuuliza? Tena ile ya Mama Kelvin nilikuwa nimeichungulia mara nyingi chini ya boneti: ni chuma cha rangi ya fedha, kizito, kina puli mbele na mdomo wa bomba. Nikatembea kati ya vyuma na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule mpaka nikaona chuma cha rangi ya fedha, kizito, kina puli mbele na mdomo wa bomba. Nikasema, "Hii." Muuzaji akauliza ni ya gari gani. Nikamwambia, "Wewe funga tu kwa gunia." Nikakipakata kwenye boda boda mpaka nyumbani, mafuta yakachafua rinda langu la kanisa, na sikujali.

Muhonja alifungua gunia. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Nikaona midomo yake inajikaza.

"Mama," akasema, "hii ni ya kupoza hewa."

"Hewa ya injini?"

"Ya watu. Wakiwa wamefunga madirisha."

Sasa pikapu yetu dirisha la kushoto halijafungwa tangu tuinunue. Baba Muhonja alikuwa anakunywa chai, ikampalia. Akasema, "Mama Muhonja ametuletea friji." Walicheka hao wawili mpaka kuku wakaondoka. Mimi nilisema nina kazi shambani.

Kwa hivyo sikuwa na mdomo wa kumzuia. Jumapili baada ya ibada Muhonja akabeba spana zake akavuka ua. Mimi nikabaki nikisikiliza. Nilisikia boneti ikiinuliwa. Nilisikia chuma kikigongwa polepole, kwa adabu, vile yeye anagonganga. Nilisikia pia Mama Kelvin akicheka, na kila akicheka nilikuwa naongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Nilikuwa nimechinja kuku. Nilitaka akirudi ale kwangu, ashibe, ajue kwao ni wapi.

Alirudi jua likizama, supachaja begani kama gunia la mahindi, uso unang'aa. Nikamtengea. Akasema, "Asante mama, nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Kuku."

Kuna swali ambalo mama mwenye akili hawezi kuuliza. Mimi niliuliza. "Kipande gani?"

Akaangalia chini. Akasema, "Imondo."

Wasomaji wangu wa mbali, firigisi kwetu si nyama kama nyama zingine. Imondo ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni mzito. Mama yangu mzazi alipika ingokho maisha yake yote na hakuionja, maana zamani mwanamke hakula kuku. Sisi tumekula, Mungu asifiwe, lakini imondo tumeiheshimu. Kwangu inapandanga juu ya sahani ya Baba Muhonja. Mchungaji akija, inahamia kwa mchungaji, na Baba Muhonja anaisindikiza kwa macho. Sijawahi hata kufikiria sahani ingine.

Mama Kelvin alimwekea Muhonja, na Muhonja mwenyewe alinisimulia. Msichana. Shemeji zake wawili wa kiume walikuwa wameketi hapo, wazee wa watu, wakiona kijiko kinawapita. Na mmoja alipokohoa, Mama Kelvin akasema, "Fundi kwanza."

Hilo ndilo lililonichoma. Nyama ingeisha. Lakini kwamba alimwita fundi. Mimi nimemzaa, nimemsomesha kwa ndizi, nimetundika cheti juu ya kalenda, na sijawahi kumwita fundi kwa kinywa changu. Namwitanga Muhonja.

Nilisema maneno. Nilisema, "Basi nenda ukakae huko huko wanakokujua." Nikasema pikapu ni ya ndizi zangu na hakuna mtu ataigusa, asiguse hata kioo. Alisema, "Sawa, mama." Alichukua kitambaa akapangusa supachaja mpaka ikawa safi, akaisukuma chini ya kitanda chake.

Jumatatu asubuhi akaenda gereji akaoshe plagi za watu.

Mchoro ulikuwa pale ukutani, mishale yote ya hewa ikiingia mahali ambapo hakuna kitu. Baba Muhonja, ambaye humwita binti yetu "mama" kwa sababu ana jina la mama yake, aliniuliza, "Mama amekosa nini?"

"Muulize Mama Kelvin."

Akanitazama. "Nitamuulizaje Mama Kelvin habari ya tumbo lako?"

Nilikuwa na sufuria ya Mama Kelvin tangu wiki ya mazishi ya kwa katekista. Nikaona hiyo ni sababu nzuri ya kwenda kumwambia mambo yake. Na kwa kuwa sufuria ya mtu hairudi tupu, niliweka ndizi ndani. Niliweka kichana kidogo. Nilitafuta kidogo kabisa, mpaka nikakipata.

Nilimkuta kwa kiti chake, ameangalia ile gari. Turubai lilikuwa limekunjwa kando, boneti wazi, na pale supachaja ilipokuwa pamebaki shimo na mkanda umelala.

"Karibu, mwenye mtoto," akasema.

"Mtoto si wangu tena. Si umemlisha?"

Alicheka, yule mama! Alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala. Halafu akaona sicheki, akavuta kiti kingine.

"Ningempa nini, mguu?" akasema. "Mtu amefanya kazi kwangu tangu kanisani mpaka jua linazama. Hiyo ni siku ya kwanza tangu Krismasi nasikia spana ikilia hapa. Nasikia mtu anapumua, anapiga mluzi, anasema, 'Mama, niletee maji.' Kelvin anapiganga simu. Anauliza, 'Gari haijanyeshewa?' Mimi nimenyeshewa mara ngapi, hajauliza."

Nikaweka ile sufuria chini.

"Wewe kila jioni unasikianga mlango," akasema. "Mimi nasikianga tumbili kwenye mahindi. Nakuonea wivu, Mama Muhonja. Na si wa jana."

Nitaandika ukweli, hata kama Mama Kelvin atasoma, na atasoma kwa sababu Muhonja ndiye alimfungulia shajara hii kwenye simu. Niliposikia hivyo sikumhurumia kwanza. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa vizuri kwenye kiti nikavuta leso. Kumbe miaka hii yote yale mabati yalikuwa yanaangalia upande wangu! Kumbe ile stima ilikuwa inawaka ikitafuta mlango wangu unafunguliwa na nani! Huruma ilikuja, ndiyo, lakini ilikuja nyuma, imechelewa, kama pikapu yetu kwenye kilima.

Halafu nikaona aibu ya zile ndizi. Nikamwambia kichana kile ni cha kuonja, mkungu wenyewe uko njiani.

Jana jioni nilichinja jogoo. Si kuku tena, jogoo, yule mkubwa mwekundu aliyekuwa anawatisha watoto wa shule. Sitasema nilifanya hivyo kwa upendo peke yake. Nilifikiri hivi: imondo ya Mama Kelvin ilikuwa ya tetea, yangu itakuwa kubwa kuliko yake. Muhonja aliporudi, akanawa, akaketi, nikaiweka juu ya obusuma yake mbele ya baba yake, na nikasema, "Fundi kwanza."

Baba Muhonja aliangalia sahani ikimpita kama mtu anayeona ng'ombe wake akiongozwa mnadani.

Muhonja hakuigusa. Aliniangalia mimi.

"Mama, kwa Mama Kelvin nilipewa kwa sababu mimi ni mgeni," akasema. "Sasa hapa unanifukuza?"

Nilikuwa nimeumia siku hizo zote kwa sababu mtu alimkaribisha mtoto wangu vile mgeni anakaribishwa. Na ningetaka afanyweje huko, awe wa nyumbani?

Alichukua kisu akaikata vipande vitatu. Kikubwa akampa baba yake, ambaye alikipokea kwa mikono miwili. Kingine akaniwekea mimi. Umri huu wote nilikuwa sijawahi kuionja. Ni ngumu kidogo, na mchuzi hauingii vizuri. Nilidhani ni tamu kuliko hivyo.

"Lakini lile neno la fundi," Muhonja akasema akitafuna, "unaweza kulirudia."

Nimelirudia tangu jana. Nimeamka nalo. Nimemwitia chai kwa jina hilo, nimeuliza fundi amelalaje, mpaka ameniambia, "Mama, basi."

Leo ameomba ruhusa gereji, na asubuhi hii kazi imeanza. Kwanza alipima nguvu ya injini kwa geji ya kuazima, silinda moja moja, kwa sababu anasema huwezi kumpulizia mgonjwa. Nilishika pumzi kila sindano ilipopanda. Zote zimepanda karibu sawa. Injini ya mzee, mapafu ya kijana! Halafu akakata mfano wa ile pleti kwa katoni ya sabuni, akaujaribu, akapunguza, akaujaribu tena, maana katoni ukiikosea unachukua ingine, chuma ukikikosea unalia. Mimi alinipa kamba ya katani nishike mwisho mmoja, naye mwingine, tukaipitisha mbele ya puli ya injini na puli ya supachaja, vile vigurudumu vya mkanda, kuona kama zimesimama mstari mmoja. Zikipishana hata kidogo mkanda unaruka. "Mama, usitikise." Sikutikisa. Nilisimama kama mlingoti wa bendera, na tumbili wawili wakiniangalia kutoka kwenye mparachichi.

Ataweka puli kubwa kwenye supachaja, izunguke polepole. Nilimuuliza kwa nini, si tuipe nguvu yote wasikie mpaka Khwisero? Akasema injini hii haikuzaliwa kwa upepo mwingi, ukiizidishia inapasuka. Na moto wa plagi ataurudisha nyuma kidogo, uchelewe kuwaka. Nikasema sawa, fundi.

Zaidi ya hayo kilibaki kitu kimoja, na hicho nimekifanya mimi kabla hajaniruhusu. Nimewaambia watu waje kuona pikapu ikipanda kile kilima cha baada ya daraja. Chama nimewaambia, kwaya nimewaambia, hata wale wanaume wa gereji nimewatumia ujumbe kwa simu ya Muhonja akiwa anaoga. Alipojua alikaa chini kwenye ndoo.

"Mama, si tungejaribu kwanza sisi wenyewe, polepole? Na ikipasuka mbele yao?"

Niliogopa, siwafichi. Nikaona moshi, nikaona ndizi zangu kwenye boda boda, nikaona yule anayeuliza fundi yuko wapi akicheka na mdomo wazi. Lakini nilimwambia ikipasuka nitasimama hapo hapo barabarani niseme, "Aliyeipasua ni mwanangu, na nyinyi hamjui hata inafunguliwa wapi." Akasimama, akachukua spana.

Basi nikadhani mambo yamekwisha. Adhuhuri Mama Kelvin akavuka ua, amefunga ile leso ya Krismasi, akauliza siku hiyo ya kupanda kilima yeye ataketi wapi. Akasema kwa kuwa supachaja imetoka kwake, anaona mbele, karibu na fundi.

Karibu na fundi!

Wivu ukaamka tena. Nilidhani nimepona, kumbe ulikuwa umelala tu. Nikamwangalia, naye akaniangalia, na Muhonja akaingiza kichwa chote chini ya boneti kama mtu asiyetujua. Pikapu yetu mbele inaketi watu watatu. Nimemwambia Mama Kelvin karibu sana, mbele kabisa, dirishani, lile la kushoto lisilofungwa, apate hewa na watu wamwone. Katikati nitaketi mimi. Baba Muhonja atakaa nyuma na ndizi, kwa sababu lazima tuwe na mzigo, kilima bila mzigo si ushahidi.

Amekubali. Amesema lakini ule mluzi ukianza atapiga kigelegele cha kwanza. Nimemwambia tutaona nani ana pumzi.

Simameni pale darajani, upande wa juu, msisimame chini kuna matope. Mkisikia kitu kinalia kama mama anaanza kigelegele, msikimbie, ni sisi. Mkisikia kishindo, njooni na kamba, na mje bila kucheka. Mtakaofika kwetu kabla ya mvua mtakuta chai, na obusuma ya kutosha kila mtu.

Ni Jumamosi hii.